Hedifoni Zimegoma? Uliza Simu Kwanza



Ukisomea sayansi ya tarakilishi hadi ukapata shahada, ukoo mzima unakuhesabu kuwa fundi wa kila kitu chenye waya. Haijalishi kwamba kazi yako ni kuandika programu, na kwamba chuma cha kulehemu ulikishika mara ya mwisho kwenye maabara ya mwaka wa pili. Harusini, matangani, ndani ya matatu, mtu atakusogelea na simu mkononi. Na katika maswali yote ninayoulizwa, linaloongoza ni hili: "Hedifoni zangu hazitoi sauti kwenye simu. Zimeharibika?" (Nikisema hedifoni nina maana ya zote, zile kubwa za kufunika masikio na zile ndogo za kupachika sikioni.)

Jibu la haraka ni "tupa, nunua nyingine". Kila stendi ya matatu ina mchuuzi aliyezitundika kwenye ubao, rangi zote, na bei ni ya kuelewana. Tatizo ni kwamba mara nyingi hata hizo mpya hugoma vilevile, kwa sababu hakuna kilichokuwa kimeharibika. Ndiyo, umesoma sawasawa. Simu nzima, hedifoni nzima, na bado kimya! Ni kama kuwakalisha pamoja mtu asemaye Kijaluo tu na mwingine asemaye Kigiriama tu. Hakuna mgonjwa hapo. Kinachokosekana ni mkalimani.

Basi leo nataka tupitie njia ninayoifuata mimi kutafuta chanzo cha ukimya huo, hatua kwa hatua, na nieleze pia kwa nini kwa watu wengine jambo hili si la muziki hata kidogo.

Kwanza, tuijue pini yenyewe

Pini ya hedifoni tuliyoizoea ina unene wa milimita 3.5. Ni mtoto wa pini nene ya milimita 6.35 iliyotumika tangu karne ya 19 kwenye mitambo ya simu, enzi zile ambapo mfanyakazi alikaa mbele ya ubao wenye matundu na kuunganisha simu ya huyu na ya yule kwa mkono. Ile nene bado iko hai, itazame kwenye gita la umeme kanisani. Ile ndogo ilisambaa na redio za transista, kisha Sony walipotoa Walkman mwaka 1979 ikawa ya dunia nzima.

Chukua hedifoni za zamani uitazame pini yake. Utaona mistari miwili inayoigawa sehemu tatu. Ncha ni sauti ya kushoto, sehemu ya pili ni sauti ya kulia, na shina ni njia ya umeme kurudi. Basi! Hakuna chipu, hakuna programu, hakuna anayemwomba mwenzake ruhusa. Ndiyo maana hedifoni za redio ya babu zilifanya kazi kwenye Walkman, kwenye tarakilishi na kwenye kinanda bila mtu kuuliza maswali.

Simu ilipoingia mambo yakabadilika, maana simu inataka na maiki. Pini ikaongezewa mstari wa tatu, sehemu zikawa nne. Swali likawa, maiki ikae wapi? Hapo wakubwa wakagawanyika. Utaratibu mmoja, unaojulikana kwa herufi OMTP, uliiweka maiki kwenye sehemu ya tatu na njia ya kurudi kwenye shina. Utaratibu wa pili, CTIA, ukageuza: njia ya kurudi sehemu ya tatu, maiki kwenye shina. Simu nyingi za zamani za Nokia zilifuata ule wa kwanza. iPhone ilifuata wa pili, na baadaye karibu simu zote za Android zikafuata huo huo. Ukizitazama kwa macho, pini zote mbili ni pacha.

Na usidhani siku hizi ndipo simu zimeanza usumbufu. iPhone ya kwanza, mwaka 2007, ilikuwa na tundu lililozama ndani kiasi kwamba pini za hedifoni nyingi hazikufika. Simu ya kwanza ya Android, G1 ya mwaka 2008, haikuwa na tundu la milimita 3.5 kabisa. Kisha mwaka 2016 Apple wakaliondoa kwenye iPhone 7, na mkubwa wao mmoja akasimama jukwaani akaiita hatua hiyo ujasiri. Google wakafuata mwaka 2017 na Pixel 2, Samsung wakafuata mwaka 2019 na Galaxy Note 10. Kwetu hapa simu nyingi za bei ya chini bado zina tundu, na sisi wenye waya tunashukuru.

Hatua za mwanzo, kabla ya kutoa hela

1. Gawanya tatizo. Hii ndiyo kanuni ya kwanza ya mtu yeyote anayetafuta kasoro kwenye programu, na inafaa kila mahali. Una vitu viwili, simu na hedifoni. Chomeka hedifoni hizo kwenye kifaa kingine, iwe redio, tarakilishi au simu ya jirani. Kisha chomeka hedifoni nyingine kwenye simu yako. Majaribio mawili, dakika mbili. Kama hedifoni zinalia kwingine na simu inalia na nyingine, usimlaumu yeyote bado. Hapo tuna tatizo la maelewano, endelea kusoma.

2. Sukuma pini hadi mwisho. Inatakiwa itoe mlio mdogo wa kuingia. Kava nene za simu huizuia, ivue kava ujaribu tena.

3. Safisha tundu. Simu inakaa mfukoni, na mfuko una vumbi na nyuzi za nguo. Kila unapochomeka pini unazishindilia chini kama mtu anayejaza gunia la makaa. Zima simu, chukua kijiti cha meno cha mbao, chokoa polepole ukigeuza tundu litazame chini. Usitumie sindano wala pini ya chuma, maana mle ndani kuna vibati vyembamba vinavyopinda mara moja. Kibati kimojawapo ndicho kinachoiambia simu kwamba kitu kimechomekwa. Kikikwama, simu itaendelea kuamini hedifoni zipo hata ukishazichomoa, na spika yake itakaa kimya. Wangapi wamebadilishiwa spika bure kwa sababu ya nyuzi za suruali!

4. Pindapinda waya taratibu karibu na shingo ya pini huku wimbo ukicheza. Sauti ikija na kupotea, waya umekatika ndani. Hapo fundi wa mtaani mwenye chuma cha kulehemu atakukatia na kukuunganishia pini mpya, na kama hedifoni zako ni za thamani, inafaa kabisa.

5. Sikiliza vizuri unachokisikia. Kama muziki unasikika kwa mbali, kama uko chini ya maji, ala zipo lakini mwimbaji ametoweka, hiyo ni dalili maarufu ya njia ya kurudi iliyokatika. Spika mbili zinajikuta zimeungana zenyewe kwa zenyewe, na kinachobaki ni tofauti kati ya kushoto na kulia. Sauti ya mwimbaji kwa kawaida hurekodiwa sawa pande zote mbili, kwa hiyo tofauti yake ni sifuri. Sasa jaribu hili: bonyeza kitufe cha kwenye waya, kile cha kupokelea simu, ukishikilie. Mwimbaji akirudi, umepata jibu. Hedifoni zako ni za utaratibu mmoja na simu ni ya mwingine. Kitufe hicho kazi yake ni kuunganisha maiki na njia ya kurudi, na ukikishikilia unalitengeneza daraja kwa kidole chako. Dawa ni kiunganishi kidogo kinachobadilishana nyaya hizo mbili. Hedifoni hazina kosa.

Simu inasikia nini?

Hapa ndipo penye utamu kwa mtu wa programu. Simu ya kisasa haipeleki tu sauti kwenye waya. Inachunguza kilichochomekwa kwa kupima ukinzani kwenye njia ya maiki. Maelezo ya Android yameandikwa waziwazi: kitufe cha kucheza na kusimamisha ni omu 0, cha kuongeza sauti ni omu 240, cha kupunguza ni omu 470, na cha kumwita msaidizi wa sauti ni omu 135. Maiki yenyewe inatakiwa iwe juu ya hapo, kuanzia omu 1000.

Umewahi kuona simu inaruka nyimbo yenyewe, au msaidizi wa sauti anajitokeza bila kuitwa? Watu husema simu ina jini. Haina. Ni jasho lililoingia kwenye kitufe, au waya uliochubuka, ukatoa ukinzani unaofanana na wa kitufe. Simu imepima, ikapata namba, ikatii. Kwa upande wake haijakosea chochote.

Kwa sababu hiyo hiyo vitufe vya sauti vya hedifoni zilizotengenezewa iPhone mara nyingi havifanyi kazi kwenye Android, ingawa kile cha katikati kinafanya kazi. Apple walichagua njia tofauti ya kupeleka amri hizo. Ukisikia muziki na kitufe kinakataa, usihangaike. Ndivyo walivyopanga wenyewe.

Niliandika programu ndogo, haizidi ukurasa mmoja, inayosikiliza tangazo la Android liitwalo ACTION_HEADSET_PLUG. Tangazo hilo hubeba mambo mawili ya maana: hali, yaani 1 ikiwa kitu kimechomekwa na 0 kikichomolewa, na kama kina maiki, 1 au 0. Programu yangu inayaandika tu kwa herufi kubwa: KIMECHOMEKWA, KINA MAIKI. Sasa mtu akiniletea simu, siulizi kwanza yeye anafikiri nini. Naiuliza simu. Kama pini iko ndani na simu inasema hakuna kitu, tunatafuta kwenye tundu. Kama inasema kipo, bila maiki, na hedifoni zina maiki, tunatafuta kwenye pini. Kama inakubali kila kitu na bado kimya, tunakwenda kwenye mipangilio.

Hapo ndipo utaona jinsi simu ilivyo mwenye kujua mengi asiyesema. Habari zote hizo inazo. Mwenye simu haambiwi.

Kisa cha shangazi

Nilisema kwa wengine jambo hili si la muziki. Shangazi yangu anauza leso na vitambaa Mombasa. Alipoteza macho kwa glakoma miaka mingi iliyopita, na biashara hakuiacha. Kitambaa anakijua kwa vidole kuliko mimi ninavyokijua kwa macho. Wateja wanamlipa kwa M-PESA, na ujumbe ukiingia simu inamsomea kwa TalkBack, ile programu ya Android ya kuwasomea wasioona. Sikio moja lina hedifoni, la pili liko wazi kusikiliza wateja. Mteja akisema "nimetuma, mama", yeye anasikiliza sekunde chache, anatikisa kichwa, anakunja leso. Hakuna anayemdanganya.

Simu yake ya zamani ilipofariki, wanawe walimchangia nyingine nzuri, mpya kabisa, isiyo na tundu la hedifoni. Wakaambiwa dukani si neno, nunueni adapta, upande mmoja USB-C, upande wa pili tundu la pini. Wakanunua. Wakachomeka. Sauti ikaendelea kutoka kwenye spika ya nje! Wakarudi dukani, wakaambiwa hedifoni zimekufa, wakauziwa nyingine. Zikagoma vilevile.

Hebu fikiria hilo maana yake nini. Kila malipo yakiingia, simu inatangaza kwa sauti, mbele ya mistari ya vibanda, kiasi alichopokea, kilitoka kwa nani, na salio lililobaki. "Soko zima linajua nina shilingi ngapi, mwanangu," aliniambia. Akapunguza sauti hadi chini, sasa akawa hasikii na yeye mwenyewe kwa kelele za mikokoteni. Mwisho akaizima TalkBack akawa anampa msichana wa kibanda cha jirani amsomee. Msichana ni mwema, hakuna aliyesema vinginevyo. Lakini shangazi alikuwa na neno lake: "Tangu nilipoacha kuona, sijampa mtu simu yangu anisomee. Nimeanza sasa, na simu ni mpya!"

Nilipofika likizo ya Desemba tukakaa barazani na vifaa vyote kwenye mkeka. Tukagawanya tatizo. Hedifoni za zamani kwenye redio yake: zinalia. Hedifoni mpya kwenye redio: zinalia. Kwa hiyo zile za zamani hazikuwahi kufa, zilizikwa hai. Adapta ile ile, hedifoni zile zile, kwenye simu yangu mimi: inalia, safi kabisa. Simu ya shangazi inachaji kwa tundu lile lile la USB-C, kwa hiyo tundu ni zima. Shangazi akauliza swali lililo sahihi kuliko yote niliyowahi kuulizwa na wahandisi: "Sasa kama kila mtu mzima, mgonjwa ni nani?"

Nikaichomeka adapta kwenye tarakilishi na kuiomba iniorodheshee vifaa vya USB. Hakikuonekana chochote kipya. Hapo ndipo jibu lilipokuwa.

Adapta za namna hii ziko za aina mbili, na kwa nje huwezi kuzitofautisha. Aina ya kwanza ni nyaya tupu. Inamtegemea mwenye simu aibadilishe sauti kutoka namba kuwa umeme ndani ya simu yenyewe, kisha aipitishe kwenye tundu la USB-C ikiwa tayari. Simu inatakiwa iwe imetengenezwa kufanya hivyo, na simu yangu ni mojawapo. Aina ya pili ina chipu ndogo ndani yake. Simu inaipelekea namba tu, kama inavyopeleka picha kwenye flashi, na chipu ndiyo inayozigeuza kuwa sauti. Simu ambazo hazina njia ile ya kwanza, na ni nyingi, zikiwemo Pixel na iPhone zenye USB-C tangu mwaka 2023, zinataka hii ya pili. Hii ya chipu ukiichomeka kwenye tarakilishi inajitambulisha kama kifaa cha sauti. Ile ya nyaya tupu haina cha kujitambulisha nacho.

Shangazi alikuwa ameuziwa nyaya tupu kwa simu inayotaka chipu. Ndiyo hayo tu. Siku ya pili tukaenda mjini, tukanunua adapta ambayo pakiti yake imeandika kwamba ina DAC, yaani hiyo chipu ya kugeuza namba kuwa sauti. Niliijaribu kwenye tarakilishi pale pale kaunta, ikajitokeza kwenye orodha. Nikaichomeka kwenye simu yake, akaweka hedifoni sikioni, akagusa skrini.

Alinyamaza kidogo akisikiliza. Kisha akacheka, akasema, "Salio langu limerudi kwangu."

Kuna atakayeuliza kwa nini asitumie za Bluetooth. Tulijaribu zangu. Kati ya kidole kugusa na sauti kufika kuna kuchelewa kidogo. Kwenye wimbo hukuoni, lakini kwa mtu anayeipapasa skrini kutafuta kitufe, ni kama kutembea gizani na fimbo inayokuambia habari za hatua iliyopita. Tena betri inaweza kuisha katikati ya soko. Waya hauchajiwi.

Mambo ya mipangilio

Haya basi, kama vifaa vimepita majaribio yote, tafuta kwenye mipangilio. Majina hutofautiana kidogo toka simu hadi simu, ila vitu ni hivi:

OTG. Baadhi ya simu hazikubali kifaa chochote cha USB mpaka uwashe OTG kwenye mipangilio, na baadhi yake huizima tena baada ya dakika 10 bila matumizi. Adapta ya chipu ni kifaa cha USB, kwa hiyo nayo inaangukia humo. Ukisikia "asubuhi ilifanya kazi, mchana imekataa", anza hapa.

Chaguo za wasanidi. Kama umewahi kuzifungua, kuna kipengee cha kuzima uelekezaji wa sauti ya USB. Hakikisha hakijawashwa.

Ufikivu. Kuna mizani ya sauti ya kushoto na kulia. Ikisukumwa upande mmoja kwa bahati mbaya, sikio moja linakufa na hedifoni zinasingiziwa. Hapo hapo kuna sauti ya mono, inayochanganya pande zote mbili. Kama unatumia sikio moja, au sikio lako moja halisikii vizuri, iwashe. Bila hiyo unakosa nusu ya ulichorekodiwa.

Bluetooth. Kama simu inasema imeunganishwa na husikii kitu, huenda sauti inakwenda kwa spika ya sebuleni au gari la jirani. Zima Bluetooth, jaribu waya. Kama hedifoni zenyewe ni za Bluetooth, mwambie simu izisahau, zirudishe kwenye kisanduku chake, kisha uziunganishe upya. Na ukiona muziki umegeuka kuwa kama wa redio ya mbao pale tu programu fulani inapofungua maiki, si ugonjwa. Bluetooth ina njia moja ya muziki na nyingine ya mazungumzo. Ile ya mazungumzo kwa kawaida hubeba sauti ya kilohetzi 8 au 16 tu ili maiki nayo ipate nafasi. Funga maiki, muziki utarudi.

Zima simu uiwashe. Mnacheka, lakini huduma ya sauti ya simu ni programu kama nyingine. Inakwama, na ikianza upya inasahau iliyokwamia.

Neno kwa sisi tunaoandika programu

Kilichonikera katika kisa cha shangazi si zile nyaya. Utaratibu wa USB-C umeweka alama kwenye adapta ya nyaya tupu, vikinzani viwili kwenye pini maalumu, ili simu iitambue. Maana yake simu inaweza kujua kwamba imechomekwa kitu isichokiweza. Android ina hata ujumbe wa kusema hivyo, na kuna simu zinazouonyesha: kifaa hiki hakipatani na simu yako. Yake haikusema neno. Iliendelea kutangaza salio lake hadharani kana kwamba hakuna aliyechomeka kitu.

Kwa mwenye macho, ukimya huo ni usumbufu wa dakika kadhaa. Ataona hakuna alama ya hedifoni juu ya skrini, atashuku. Kwa asiyeona, hakuna alama, hakuna ujumbe, hakuna mlio. Kuna duka tu linalomwambia alicho nacho kimekufa, na hana njia ya kubisha.

Kwa hiyo ewe mwenzangu unayeandika programu, kila mahali ambapo programu yako inajua kwamba kitu kimekataa, iseme. Kwa maneno, mahali ambapo msomaji wa skrini anaweza kuyafikia. Usiweke alama nyekundu peke yake, wala usinyamaze ukitumaini mtu ataelewa. Na Android inapotangaza ACTION_AUDIO_BECOMING_NOISY, yaani hedifoni zimechomoka na sauti inakaribia kumwagika nje, simamisha mlio mara moja. Hicho kipande cha mistari michache ambacho wengi wetu hatukiandiki kwa sababu "ni mambo ya muziki" ndicho pazia la faragha ya mtu.

Na wewe unayetaka kununua adapta kesho, shika haya matatu. Uliza kama ina DAC. Ijaribu pale pale kaunta, kwa simu yako mwenyewe, si ya muuzaji, maana kulia kwenye simu ya muuzaji si ushahidi wa chochote. Na kama imekataa, usikubali kuambiwa hedifoni zako zimekufa mpaka zimekataa mbele ya macho yako kwenye redio.

Au mbele ya masikio yako. Haya, tuonane wiki ijayo.